Kutoka Surat hadi Kolkata: simulizi ya safari ya mithai wakati wa Diwali

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi Dar es Salaam, nikitegemea daftari lenye madoa ya samli na picha za simu ambazo nyingi ni za mizani, makarai na vibao vya bei. Nilikwenda India mwishoni mwa Oktoba 2024, majira ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, kwa sababu mithai za Kihindi ambazo nimezinunua miaka mingi katika maduka ya Kisutu nilikuwa nikizijua kama kitu cha kunywea chai tu, nami nilitaka kuziona zinapotolewa sadaka, zinapopelekwa kwa jirani na zinapotiwa mdomoni mwa mtu kwa mkono wa mwenzake. Nilipanga kupita Surat, Mathura na Agra, kisha nimalizie Kolkata. Njia hiyo si fupi, na majira ya sikukuu huifanya iwe ngumu zaidi, kwa hiyo habari za tiketi na gharama nimeziweka kila zilipohitajika.

Jumamosi, 26 Oktoba: Mumbai hadi Surat

Tulitua Mumbai alfajiri. Viza nilikuwa nimeiomba mtandaoni kabla ya kuondoka, lakini foleni ya wenye viza za namna hiyo ilihudumiwa na maofisa wawili tu, na nilisimama karibu saa mbili kabla ya kufika dirishani. Treni ya mchana kwenda Surat, mwendo wa kilomita 260 hivi kuelekea kaskazini, niliilipia rupia 560 kwa kiti cha behewa lenye kiyoyozi. Wakati huo rupia moja ilikuwa inakaribia shilingi 32 za Tanzania. Njiani hapakuwa na la kusimulia isipokuwa kwamba karibu kila abiria alikuwa na boksi la mithai. Maboksi yalijaa kwenye rafu za juu hata mabegi yakashushwa chini ya miguu, na mama mmoja aliyeketi mbele yangu alilipakata lake mpaka tukafika.

Anayetaka kupanda treni wakati wa Diwali ajue kwamba nafasi huisha siku ileile tiketi zinapofunguliwa. Mimi nilikata zangu wakati zilipokuwa zikifunguliwa siku 120 kabla ya safari. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 Shirika la Reli la India limepunguza muda huo hadi siku 60. Aliyekosa kabisa hubakiwa na mgao wa dharura uitwao tatkal, unaofunguliwa siku moja kabla ya treni kuanza safari, saa nne asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi na saa tano kwa yasiyo nacho, na huisha kwa dakika chache.

Jumapili, 27 Oktoba: Surat

Wagujarati wana msemo kwamba mtu ale Surat na afie Kashi, yaani mji mtakatifu wa Varanasi, na watu wa Surat hawausemi kwa utani. Mwenye duka mmoja wa Kisutu alikuwa amenipa namba ya simu ya shangazi yake, bibi wa zaidi ya miaka themanini aliyezaliwa Tanga na kuhamia Gujarat akiwa mtu mzima. Nilipoanza kujitambulisha kwa Kiingereza alinikatiza: “Kwanza shikamoo yangu iko wapi?” Nikaitoa, akaipokea, akaniambia nisithubutu kula hotelini.

Jikoni kwake niliwakuta wanawake wa familia pamoja na majirani wameketi sakafuni kuzunguka masinia ya ghughra, ambazo ndizo mithai za Diwali katika nyumba za Kigujarati. Ni vipande vya unga wa ngano vyenye umbo la nusu mwezi, vinavyojazwa semolina iliyokaangwa kwa samli, nazi, sukari, lozi na iliki, kisha vikakaangwa. Ufundi wote uko ukingoni. Bibi alishika duara la unga kiganjani, akatia kijiko kimoja cha mjazo, akalikunja, kisha kwa kidole gumba na cha shahada akaubana ukingo na kuukunjia ndani, akaubana na kuukunja tena, kutoka pembe moja hadi ya pili, mpaka ukawa kama ukili uliosukwa. Alifanya hivyo bila kutazama mikono yake, huku akiniuliza habari za Ngamiani na Raskazone. Mimi nilipewa bakuli la iliki nizimenye, kazi ambayo kwa kawaida hupewa watoto.

Nilikuwa nimekuja na hamu ya ghari, mithai iliyoupa mji huo sifa: mkate mdogo wa mviringo wenye ngozi nyembamba ya unga, ndani yake maziwa yaliyokaushwa, sukari, lozi na pistachio, unaokaangwa kwa samli kisha kuvikwa tabaka la samli nyingine iliyoganda. Huliwa siku iitwayo Chandi Padvo, inayofuata usiku wa mwezi mpevu uitwao Sharad, ambapo familia za Surat hutandika mikeka juu ya mapaa na kando ya barabara usiku, wakala ghari pamoja na vitafunio vya chumvi. Mwaka huo siku yenyewe ilikuwa imepita kabla sijafika. Nilimwambia bibi kwamba madukani bado zinauzwa.

“Zinauzwa, mwanangu,” akasema, “lakini siku yake imekwisha. Ukiila leo, umekula tu.”

Nilikwenda kununua moja hata hivyo, kwa rupia 70. Ni nzito sana, na nusu yake inamtosha mtu mzima. Lakini maneno ya bibi niliyaandika kwenye daftari, na kila mji niliofika baada ya hapo niliyaona yakithibitika.

Jumanne, 29 Oktoba: Dhanteras

Hii ndiyo siku inayofungua Diwali, siku ya kununua dhahabu na fedha, au walau chombo kipya cha jikoni, na foleni za masonara zilikuwa zimechanganyika na foleni za maduka ya mithai hata nikashindwa kujua ipi inaishia wapi. Mpwa wa bibi alinipeleka nyuma ya duka moja kuona kaju katli ikitengenezwa. Kaju ni korosho. Mimi ni mtu wa Masasi, nimekulia chini ya mikorosho, na wiki zilezile minada ya korosho ilikuwa ikiendelea kusini mwa Tanzania. Sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa ghafi, na India ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Niliwauliza mafundi magunia yao yalitoka nchi gani. Hawakujua, wala hawakuona sababu ya kujua.

Walichokijua walikijua barabara. Korosho husagwa zikiwa kavu na kwa vipindi vifupi, kwa kuwa zikipata joto mashineni hutoa mafuta na unga huwa tope. Shira ya sukari hupikwa mpaka tone lake, likivutwa kati ya vidole viwili, lifanye uzi mmoja usiokatika. Hapo ndipo unga humiminwa na kukorogwa juu ya moto mdogo hadi bonge liache kushika karai. Fundi alilikanda likiwa bado moto kiasi cha mimi kushindwa kuligusa, akalisukuma kwa mti wa chapati mpaka likawa jembamba, akalaza juu yake karatasi laini ya fedha halisi inayoitwa varakh, kisha akakata mistari ya mshazari ili kila kipande kiwe na pembe nne kali. Karatasi hiyo ya fedha zamani ilipondwa kati ya ngozi za wanyama, jambo lililowakera wasiokula nyama, na mwaka 2016 serikali ya India ilipiga marufuku vifaa vyenye asili ya mnyama katika kazi hiyo.

Kilo moja iliuzwa rupia 1,080. Mnunuzi aangalie mambo mawili. La kwanza ni boksi: litolewe kwenye mizani au uzito wake upunguzwe, maana boksi la sherehe ni zito na hakuna sababu ya kulilipia kwa bei ya korosho. La pili ni kibandiko cha tarehe. Tangu Oktoba 2020 maduka yanatakiwa kuonyesha, hata kwa mithai zisizofungashwa, mwisho wa muda wa kuliwa. Kaju katli hukaa wiki moja au zaidi, lakini mithai za maziwa mabichi ni za siku moja au mbili.

Jioni bibi alinipa pakiti ya ghughra ya kula njiani, nami nikapanda treni ya usiku kwenda Mathura kwa rupia 1,390, kitanda cha juu.

Jumatano, 30 Oktoba: ndani ya treni

Tulichelewa zaidi ya saa tatu, sehemu kubwa ya muda huo tukiwa tumesimama mahali pasipo na kituo baada ya Ratlam. Kuchelewa huko ndiko kulikotufanya watu wa sehemu yetu ya behewa tuzungumze. Mzee mmoja alikuwa akienda kumwona mjukuu wake aliyezaliwa wiki iliyotangulia, naye alifungua boksi la peda, mithai za maziwa, akampa kila mtu, mimi nikiwemo, kabla ya kutuambia habari yenyewe. Kwa desturi ya Wagujarati, akizaliwa mtoto wa kiume hugawiwa peda, na akizaliwa wa kike hugawiwa jalebi. Kijana aliyekuwa kitanda cha chini alimpongeza kwa kupata mjukuu wa kiume. Mzee akamjibu kwamba mjukuu ni wa kike, na kwamba peda amezinunua makusudi, kilo tatu, naye atazigawa mpaka nyumbani kwa mkwewe ambako anajua kutakuwa na manung’uniko. Behewa zima lilicheka, na mama mmoja akaomba kipande cha pili.

Kijana yule naye alikuwa na boksi, ila lake lilikuwa la soan papdi, mithai ya nyuzinyuzi za unga wa dengu na sukari inayoyeyuka mdomoni. Wahindi wana mzaha kuhusu soan papdi: kwamba hupokewa kama zawadi ya Diwali, haifunguliwi, hupelekwa kwa mtu mwingine, naye huipeleka kwingine, mpaka irudi kwa aliyeinunua. Alikiri kwamba lile alipewa na bosi wake na hakukusudia kulila. Nililitazama lile boksi zuri la dhahabu likiwa limekaa juu ya rafu, na boksi la peda la mzee likiwa limebaki nusu, nikaona kwamba bei haikuwa na neno lolote katika jambo hili.

Alhamisi, 31 Oktoba: Diwali, Mathura

Mathura ni mji ambao Wahindu huamini mungu wao Krishna alizaliwa, na kwa kuwa Krishna alilelewa na wafugaji, mji wote unanuka maziwa. Asubuhi mapema nilikaa kwa fundi mmoja wa peda karibu na mtaa wa gesti niliyofikia. Karai lake la chuma lilikuwa pana kuliko mikono miwili iliyonyooshwa. Maziwa ya nyati wa kufugwa huchemshwa humo na kukwanguliwa bila kukoma mpaka yabaki bonge zito liitwalo mawa. Kilo moja ya mawa huhitaji lita nne hadi tano za maziwa. Kwingine kazi huishia hapo. Mathura huendelea kulikaanga bonge hilo kwa moto wa taratibu, samli ikitiwa kidogokidogo, mpaka weupe uondoke na rangi iwe ya udongo mwekundu, ndipo hutiwa sukari laini na iliki, likaviringishwa kwa viganja na kubonyezwa. Sauti ya sepetu ya chuma ikikwangua karai ndiyo iliyonibakia zaidi kuliko ladha, maana fundi akisimama kidogo tu, mkewe aliyekuwa nje akihesabu pesa aliita kuuliza kuna nini.

Kilo ilikuwa rupia 480. Majira ya Diwali mahitaji ya mawa huzidi maziwa yaliyopo, na wakaguzi wa chakula hukamata mawa iliyoongezwa wanga. Mwenye gesti alinionyesha namna nyumba nyingi zinavyoipima: kipande huchemshwa na maji kidogo, kikapoa, kisha hudondoshewa iodini, kikigeuka buluu kina wanga.

Mwaka huo palikuwa na ubishi wa tarehe. Usiku wa mwezi kutoonekana uliangukia jioni mbili, ya tarehe 31 na ya tarehe 1, kwa hiyo miji mingine na hata nyumba nyingine za mtaa mmoja zilitofautiana. Wauzaji hawakulalamika, kwani waliuza siku zote mbili.

Nilichokuja kukiona hasa kilikuwa cha bei rahisi kuliko vyote. Mbele ya sanamu za udongo za miungu Lakshmi na Ganesha, familia ya mwenye gesti haikuweka kaju katli peke yake. Iliweka kwanza bisi za mpunga na batasha, yaani matone ya sukari tupu yaliyoumuka, pamoja na wanyama wadogo wa sukari iliyoganda katika vibao, tembo, farasi na samaki. Vyote hivyo viliuzwa barabarani kwa rupia 120 kilo, na bila hivyo, waliniambia, ibada ya Diwali kwao haikamiliki. Baada ya dua taa za udongo ziliwashwa kila dirisha, mama mwenye nyumba akapita akimtia kila mmoja kipande cha peda mdomoni, kuanzia kwa mkwe wake mzee hadi kwangu mgeni. Kisha mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi alitumwa nyumba kwa nyumba na sahani zilizofunikwa kitambaa. Kila sahani ilirudi na kitu cha jirani juu yake. Desturi hiyo ya kutorudisha sahani tupu hata bibi zetu wa pwani huishika, lakini sijawahi kuiona ikitendeka kwa kasi ile, sahani zikipishana ngazini huku fataki zikilipuka.

Ijumaa, 1 Novemba: Agra

Basi la rupia 110 lilinifikisha Agra, kilomita karibu 60. Msafiri akumbuke kwamba Taj Mahal hufungwa siku za Ijumaa. Mimi niliichagua siku hiyo kwa sababu nilifuata petha. Petha haina maziwa wala samli. Ni boga jeupe linalomenywa, likakatwa vipande, likatobolewatobolewa kwa miiba ya chuma, likalowekwa katika maji ya chokaa ili nyama yake ikaze, likaoshwa mara nyingi, likachemshwa, na mwishowe likapikwa katika shira mpaka liwe na mwanga ndani yake. Nje kipande ni kikavu chenye ukoko wa sukari, ndani kimejaa maji matamu.

Kutokana na sikukuu, karakana nyingi za Noori Gate zilikuwa zimefungwa, ila moja ilikuwa na vijana watatu wakiosha masufuria. Waliniambia moto wao sasa ni wa gesi. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vilivyotumia makaa ya mawe kuzunguka Taj Mahal vigeukie gesi au vihame, ili marumaru isiharibiwe na moshi, na baadaye watengeneza petha nao walibanwa. Kilo ya petha kavu ilikuwa rupia 140, na ndiyo mithai ninayompendekezea mwenye safari ndefu na pesa kidogo, kwa kuwa hustahimili joto kwa siku nyingi.

Jumamosi, 2 Novemba: Govardhan, kisha Delhi

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda bajaji ya kuchangia kwenda Govardhan, zaidi ya kilomita 20 magharibi ya Mathura, rupia 60. Husimuliwa kwamba Krishna alikinyanyua kilima cha Govardhan kwa kidole chake kidogo na kuwakinga wanakijiji kwa siku saba dhidi ya mvua zilizoletwa na mungu Indra. Siku hizo saba hakula, na kwa kuwa alizoea milo minane kwa siku, wanakijiji walimlipa kwa vyakula 56. Ndiyo sababu ya sadaka ya vyakula 56 inayopangwa hekaluni, na siku hiyo inayofuata Diwali huitwa Annakut, mlima wa chakula. Mahujaji walikuwa wakikizunguka kilima kwa miguu mitupu, mwendo wa kilomita 21, na kando ya njia watu waliweka meza na kumlazimisha kila mpitaji ale.

Hekalu moja niliruhusiwa kusimama mlangoni. Nilijaribu kuzitambua mithai katika ngazi zile za sahani: peda, laddu za unga wa dengu, jalebi, malpua zinazodondoka shira, wali wa maziwa wenye zafarani. Pazia lilifungwa ili mungu ale, kisha likafunguliwa, na chakula kilekile kikawa tabaruku, kikagawiwa kwa mikono kwenye sahani za majani makavu. Aliyenigawia hakuniuliza dini wala nchi. Alichoniuliza ni kwa nini nimenyoosha mkono mmoja badala ya kukinga yote miwili.

Kwa gari la kukodi hadi uwanja wa ndege wa Delhi nililipa rupia 3,200, tukakwama saa nzima kwa moshi na msongamano. Nilisikitika kuondoka Mathura jioni ile, kwa sababu mahujaji walikuwa wakimiminika kuelekea Vishram Ghat, ambako kaka na dada huoga pamoja katika mto Yamuna siku inayofuata. Lakini Kolkata nilikuwa nimealikwa.

Jumapili, 3 Novemba: Kolkata, Bhai Phonta

Mwenyeji wangu ni mtu niliyefanya naye kazi Dar es Salaam, na aliyenialika ni dada yake mkubwa. Siku ya pili ya mwezi mpya baada ya Kali Puja, sikukuu ya mungu wa kike Kali, Wabengali huadhimisha Bhai Phonta: dada humtia kaka au mdogo wake alama ya msandali kwenye paji la uso na kumwombea kwamba mlango wa Yama, mungu wa mauti, uzibwe kwa miiba. Tangu asubuhi foleni za maduka ya mithai zilizunguka kona, na ndani ya makabati ya kioo kulikuwa na sandesh, mithai za jibini laini, zilizogongwa muhuri wenye jina la sikukuu kwa herufi za Kibengali.

Dada alinichukua pembeni kabla hatujaanza, akaniuliza kama imani yangu inaniruhusu kupakwa msandali, na kwamba nikikataa mithai zangu ziko palepale. Nilikubali. Tuliketi kwenye mkeka, yeye amefunga tangu alfajiri bila kula, akachovya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto na kunigusa paji la uso mara tatu huku akisema maneno ya dua. Kwa kuwa mimi ni mdogo kwake, niliinama nikamgusa miguu kama alivyofanya mwenzangu. Ndipo zikaletwa sahani mbili, kila moja na mithai ambazo sikuthubutu kuzihesabu, na yeye akafungua mfungo wake baada ya kutuona tumekula. Wanaume tulitoa zawadi. Nilikuwa nimemletea kitenge na karafuu za Pemba. Karafuu hizo alizipokea kwa furaha kuliko kitenge, akanionyesha lavanga latika, mithai ya maziwa iliyokunjwa ndani ya unga na kufungwa kwa karafuu moja iliyochomekwa katikati.

Jumatatu, 4 Novemba, na siku zilizofuata

Mithai za Bengal zina msingi tofauti na zile za Mathura. Maziwa hayakaushwi bali hukatwa kwa asidi, yakachujwa na kuwa chhena, jibini laini lisilo na chumvi. Likikandwa na sukari juu ya moto huwa sandesh. Likiviringishwa na kuchemshwa katika shira nyepesi huwa rosogolla. Nilikula sandesh katika duka la Girish Chandra Dey na Nakur Chandra Nandy, lililoanzishwa mwaka 1844 kaskazini mwa mji, ambako hakuna viti: mtu husimama barabarani mbele ya wavu wa chuma na kula. Sandesh moja ilikuwa rupia 25 hadi 40.

Rosogolla ya Kolkata huhusishwa na Nobin Chandra Das wa Bagbazar, mwaka 1868, lakini watu wa jimbo jirani la Odisha hawakubali, wakisema kwamba mungu Jagannath wa hekalu la Puri humtuliza mkewe Lakshmi kwa mithai hiyo anaporudi hekaluni baada ya sikukuu ya magari ya kukokotwa, na kwamba desturi hiyo ni ya zamani zaidi. Bengal Magharibi, jimbo la Kolkata, ilipewa hati ya utambulisho wa asili mwaka 2017, na Odisha ikapewa yake mwaka 2019, kila mmoja kwa aina yake. Mwenyeji wangu aliona uamuzi huo ni wa woga. Mimi naona ni wa haki, maana rosogolla ya Bengal haina siku yake maalumu hekaluni, ilhali ile ya Puri inayo. Alinikumbusha pia kwamba mwaka 1965, maziwa yalipoadimika, serikali ya jimbo ilipiga marufuku mithai za chhena, na wazee wa Kolkata bado wanalisimulia jambo hilo kwa hasira.

Nyumba tulizozitembelea bado zilikuwa na narkel naru zilizobaki tangu kumalizika kwa Durga Puja, sikukuu ya mungu wa kike Durga, vidonge vya nazi na sukari guru ambavyo mtu wa pwani angevila akiita kashata bila kufikiri. Nilitaka pia sandesh ya sukari guru mpya ya mtende, nikaambiwa kila mahali jibu moja: mitende bado haijagemwa, rudi baridi ikishika. Anayeifuata hiyo apange Desemba au Januari.

Alhamisi, 7 Novemba: Chhath, kando ya mto Hooghly

Kolkata ina watu wengi wenye asili ya Bihar, na jioni hii walishuka mtoni na vikapu vya mianzi kuabudu jua linalotua. Wanaofunga hawali wala kunywa maji kwa zaidi ya saa thelathini. Ndani ya vikapu, kati ya miwa na ndizi, kuna thekua: unga wa ngano, sukari guru na samli, uliobonyezwa kwenye kibao cha mbao chenye nakshi na kukaangwa. Thekua ya Chhath hainunuliwi. Hukaangwa nyumbani, katika jiko lililosafishwa kwa ajili hiyo. Tabaruku yake huombwa waziwazi, hata na watu wenye fedha, na kuomba huko hakuonekani kuwa aibu.

Nilirudi ngazini alfajiri iliyofuata, jua lilipochomoza na mfungo ukafunguliwa. Mama mmoja aliyetoka majini, sari yake ikiwa imelowa hadi kifuani, aliniona nimesimama na begi la safari, akanikingisha mikono yote miwili na kuijaza thekua. Nilijaribu kumshukuru kwa Kihindi changu kidogo. Mwanawe akasema nisishukuru, nile.

Uwanja wa ndege ulikuwa na funzo lake la mwisho kwa wabebaji. Rosogolla za kopo zenye shira hazipiti kwenye mzigo wa mkononi, kwa kuwa shira huhesabiwa kuwa kimiminika. Ziwekwe kwenye begi la chini na zifungwe mifuko miwili. Sandesh zangu, nilizozinunua asubuhi hiyohiyo, zilianza kuchacha tulipokuwa tukisubiri ndege Mumbai, na nikazigawia safu nzima ya viti kabla ya kupanda. Petha na kaju katli zilifika salama. Thekua zilidumu zaidi ya wiki mbili ndani ya kopo la bati, na aliyemaliza ya mwisho ni yule mwenye duka wa Kisutu, ambaye alisema haijawahi kuletwa dukani kwake na wala hataiagiza.